Buyenzi Hatunyimani Moto

Kuna mchana mmoja wa vita ninaoukumbuka hadi leo, mwanangu, na jana umenifanya niukumbuke kwa hasira. Kaa hapo. Simu weka chini. Mimi ni shangazi yako, dada mkubwa wa baba yako, na leo utanisikiliza hata chai ikipoa.

Jana nimekusikia kwa masikio yangu. Yule mama aliyehamia parsele ya jirani, nyumba inayopakana na yetu, ambaye mafuriko yalimfukuza kule Buterere na watoto wake, alikuja kuomba makaa ya moto. Wewe ukamwambia arudi kwao, mtaa wa Buyenzi una wenyewe. Tena umesimama mbele ya ule ukuta wa gereji mlioupaka rangi wewe na wenzako, mkachora wazee wa kwanza wamebeba chungu cha moto kutoka ziwani! Picha nzuri, sikatai. Lakini mmechora nusu ya hadithi, na kwa nusu hiyo mnawatukana watu. Astaghfirullah.

Hadithi nzima niliipata kwa bibi yangu, Bibi Mwamini. Alisema wazee wetu walikuwa watu wa kila upande: Wamanyema, watu wa Ujiji, Warundi walioshuka milimani. Mzungu alipowaondoa kando ya ziwa, walibeba moto katika chungu kimoja, na kila nyumba mpya ikawashia hapo. Kama ni kweli, sijui. Bibi mwenyewe alikuwa anacheka tukimuuliza chungu kiko wapi. Desturi lakini ilikuwa kweli kabisa: anayehamia mtaani, siku ya kwanza hawashi moto kwa kiberiti chake. Anaomba makaa kwa jirani, na akishapewa amekuwa mtu wa hapa. Haulizwi kabila, haulizwi dini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na hawakusema kwa kujipamba.

Basi vita vikaja. Mji huu ukakatwa vipande kama nyama ya sadaka, huku wa kabila hili, kule wa kabila lile, na ukikosea barabara hufiki nyumbani tena. Mchana huo akafika kwetu mama mmoja kutoka Ruziba, kusini mwa mji, mume wake ameuawa, mkononi ana binti mdogo. Bibi akawatafutia chumba ng'ambo ya barabara. Kisha akamwita yule binti, akamwekea makaa kwenye kigae cha chungu, akamwonyesha kwa ishara avuke nayo taratibu, asiangushe. Kiswahili mtoto alikuwa hajui.

Katikati ya barabara vijana wakamzunguka. Hawakuwa watu wa mbali, la. Vijana wa avenyu yetu, niliosoma nao Kurani. Wakasema watu hawa watatuletea wauaji mlangoni, mtoto aweke moto chini, yeye na mama yake waondoke kabla ya jua kuzama. Waondoke waende wapi? Barieri za wenye silaha zimefunga barabara kila upande, na kila mtu alijua kinachomngoja aliyesukumwa nje. Waliogopa, najua. Lakini woga ukishapata fimbo, mwanangu, ni mbaya kuliko chuki.

Yule mtoto akasimama. Kigae kilikuwa kinazidi kupata moto, machozi yanamtiririka, na hakuachia.

Bibi akatoka, kanga kaifunga kiunoni. Hakumwangalia mtoto. Alimwendea Hamisi, mkubwa wao, akasimama karibu naye kabisa.

"We Hamisi, mama yako alifikaka hapa na mimba yako, hata sufuria moja apana. Moto alichukuaka kwa nani?"

Hamisi akageukia wenzake. Bibi akauliza tena.

"Kwako, bibi."

"Basi enda kwanza uzimishe moto ya mama yako. Kisha urudi, uzimishe ya huyu mutoto."

Wakampisha. Mmoja mmoja, macho chini. Mtoto akavuka, akaweka makaa jikoni kwa mama yake, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kigae. Risasi tulizisikia miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuna mtu wa avenyu yetu aliyewagusa tena.

Sasa nenda kamtazame mama yako kiganja cha kulia. Alikwambia lile kovu ni la mafuta ya sambusa, sivyo? Alinikataza nisikueleze, hakutaka ukue na uchungu ule. Leo nimevunja ahadi. Atanikasirikia, na akasirike.

Hiyo Buyenzi unayojivunia, mama yako aliinunua kwa ngozi yake. Mkana kwao ni mtumwa, na kwenu wewe ni Ruziba kama ilivyo hapa. Shika hadithi ya mji wako, ichore, isimulie, lakini isimulie yote, maana wazee hawakubeba moto ili wauote peke yao. Ukisikia mtu anatumia jina la wazee kumfukuza mwenye shida, jua huyo hakuwajua.

Jiko liko pale, limewaka. Chukua makaa umpelekee yule mama kwa mkono wako, umwombe radhi. Ukirudi, tafuta rangi, umchore yule mtoto ukutani.

Mungu akupe kiganja kama cha mama yako, mwanangu. Amina. Haya, inuka, watoto wa yule mama hawajala tangu jana.