Spika ya Baba na Gundi ya Muhogo

Mpaka leo siwezi kunusa unga wa muhogo uliochacha bila kukunja pua, na lawama zote namtupia baba yangu.

Wakati wa vita tulikaa mtaa wa Vulamba, mjini Butembo. Kaka yangu alikwenda Eringeti, mbele ya mji wa Beni, kununua mchele, barabara ikafungwa, hakurudi. Baadaye mjomba wetu wa Beni, kaka yake mama, alituma habari kwamba kijana amefika kwake salama. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, redio ya Beni iliporuhusu watu kuwasalimu jamaa zao, tulisikia: "Mama, niko muzima, usilie." Tulisikia kwa shida. Karatasi ya spika yetu ilikuwa imepasuka, ikikoroma kama mlevi, na mama hakuwa na hamu nyingine duniani ila kuisikia sauti ya mwanawe ikiwa safi.

Baba, ambaye hajawahi kutengeneza kitu kikapona, akajifanya fundi. Aligonga sanduku kwa mbao nyembamba za kasha la majani ya chai, akaziba nyufa kwa nta ya mshumaa, akajaza manyoya ya kondoo ndani ili sauti isigongegonge. Sawa. Lakini manyoya hakuyafua, yaliingia na mavi yake. Na karatasi aliiziba kwa kipande cha mfuko wa saruji na uji mzito wa muhogo, gundi ambayo kwetu hubandika kila kitu. Yaani panya kaandaliwa chakula na kitanda! Haukupita muda, nyumba ikaanza kunuka.

"Hapana fungua," baba alisema. "Sauti ilianza kuwa muzuri."

"Papa, kuna kitu kilikufa mule."

"Itakauka."

Tulikula tumebana pua, inzi wakitoka kwenye spika na kutua juu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Jumamosi nikachoka. Niling'oa ubao wa nyuma, nikaingiza mkono, nikashika kitu laini, chenye maji: panya aliyeoza. Ngozi yake ikabaki kwenye vidole vyangu. Nilitapika palepale mbele ya baba, wala sikuona haya.

Nikamlazimisha aanze upya. Manyoya tuliyafua kwa sabuni na kuyaanika juani. Karatasi tuliibandika kwa sulisyo, gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, ambayo hata panya mwenye njaa ya vita haigusi.

Jumapili tulisikia mpaka pumzi ya mtangazaji. Baba alijipapasa tumbo kwa fahari. Kisha zikaja salamu: "Mama, niko muzima, usilie." Mama alikuwa ameinamia sanduku, anatabasamu. Tabasamu likamganda usoni.

"Ule hapana mutoto wangu," akasema. "Ule ni kaka yangu. Anabana sauti."

"Mais, lakini pengine spika bado..." baba akaanza.

"Spika inasema kweli. Kaka yangu nilikomala naye nyumba moja tangu butoto. Donc, basi mutoto alikufa, na kule Beni banajua."

Yule panya hakunichefua kama mjomba. Mtu mzima, Jumapili baada ya Jumapili, anabana koo lake kuigiza marehemu, na kumwambia mama asilie!

Mama alishuka kwenye kiti, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye udongo kama wanavyoketi wafiwa.