Diski Iliyokaa Bure

Walimwita Tayari, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilichuma mwenyewe kwa mdomo. Ukimpa kazi, hujafika hata mlangoni umeshasikia nyuma yako: "Tayari!" Bomba la jikoni kwake lilikuwa tayari, na beseni lilikaa chini yake mwaka mzima likikinga matone. Kabati la chumbani nalo lilikuwa tayari, ila mlango wake ulifunguka kwa kunyanyuliwa na goti. Mkewe alishachoka kubishana. Aliwafundisha watoto kutumia goti, yakaisha.

Bwana huyu alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya kuchora ramani za majengo. Mwenye ofisi, msanifu mwenye tai pana na sauti ya mhubiri, alikuwa kaka wa mkewe. Nafasi ya kazi ilitangazwa sebuleni, usaili ukafanyika mezani wakati wa chakula cha mchana, na mshindi akapatikana kabla vyombo havijaondolewa. Walikubaliana kwamba ofisini wataitana bosi na fundi, lakini ulimi hauna mfupa. Wiki haikuisha "shemeji" ikawa ndiyo salamu ya kazini. Na mtu anayeitwa shemeji na bosi, nani atamuuliza anashinda akifanya nini?

Alishinda stoo, kando ya choo, kati ya ndoo za kudekia na maboksi ya karatasi. Humo ndimo ilimokaa mashine iliyotunza michoro yote ya ofisi. Ndani yake mlikuwa na diski nne, zimeunganishwa na programu zikawa kama diski moja. Mpango wao ulikuwa wa kindugu: mmoja akifa, watatu waliobaki wanabeba mzigo wake na kazi inaendelea. Lakini lazima aletwe mwingine haraka na aingizwe kazini, kwa sababu akifa wa pili kabla ya hapo, msiba ni wa ukoo mzima.

Basi diski moja ikafa. Mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kuchoma masikio, mpaka waliokuwa chooni wakawa wanatoka kabla ya wakati. Tayari akaizima, akachomoa diski iliyokufa, akakimbia dukani kununua nyingine, akaichomeka, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Michoro ikafunguka. Mlio tu ndio haukukoma. Akakuna kichwa. Akazunguka mashine. Kisha akafungua ubavu wake, akautafuta waya wa spika, akaukata kwa mkasi wa karatasi.

"Tayari!"

Kwenye kikao cha wafanyakazi msanifu alisimama kumsifu. "Wengine wangeita wataalamu kutoka nje, tukae tunawatazama wakinywa chai yetu. Shemeji yangu ni mtu wa vitendo!" Papo hapo akampa cheo, Mkuu wa Mifumo, na kibao kikabandikwa kwenye mlango wa stoo. Kuanzia siku hiyo mfagizi akawa anabisha hodi kwa adabu kabla ya kuchukua ndoo.

Jambo ambalo Mkuu wa Mifumo hakulifanya lilikuwa dogo. Hakuiambia programu kwamba diski mpya imefika. Kuchomeka ni kazi ya mkono. Kuunganisha ni amri ya kuandika, na bila amri hiyo diski inazunguka tu, haipewi hata herufi moja ya kutunza. Mashine ilipiga kelele kusema hivyo, naye akaikata koo.

Kazi ikaanza kuzorota. Wa kwanza kulalamika alikuwa mchoraji mkuu, mwanamke wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba na ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale.

"Tayari, ramani yangu naibonyeza, naenda kuchota maji, narudi, bado inafikiria."

"Ni joto, dada."

Mvua zikaja, joto likaondoka, ramani bado ikawaza. Safari hii ilikuwa virusi. Baadaye ikawa makosa ya wachoraji wenyewe, wanaojaza mashine picha za harusi za ndugu zao. Siku moja mchoraji akafungua mchoro wa hoteli, ukaja nusu: lifti ilipanda mpaka ghorofa ya tatu, kisha ikaendelea hewani pasipo jengo. Alikwenda stoo akamshika Tayari mkono wa shati, akamvuta mpaka mbele ya skrini yake.

Ndipo Tayari, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkasi, alipoiuliza mashine hali yake. Ikajibu kwa alama: herufi tatu mfululizo, na mahali pa nne kistari, kama pengo la jino. Chini yake, onyo kwamba moja kati ya zile tatu imeanza kushindwa kusomeka.

"Hicho kistari ni nini?" mchoraji akauliza.

"Ni nafasi."

"Ya nani?"

"Ya diski mpya."

"Si uliiweka?"

"Ipo. Inazunguka vizuri tu. Ila haifanyi kazi."

Mchoraji akavaa miwani, akamtazama. "Inakula umeme, taa inawaka, na haifanyi kazi. Na yenyewe ni shemeji wa bosi?"

Tayari akaandika amri ya kuiunganisha. Programu ikakataa: diski ni ndogo mno. Kwenye karatasi ya nje ukubwa ulikuwa uleule, lakini kiwanda kilikuwa kingine, na ilipungua kwa unywele. Unywele huo ulitosha kuitoa nje ya familia. Sasa jasho lilimtoka kweli. Akaenda kununua kubwa zaidi, akarudi akihema, akaichomeka na kuandika amri. Ikapokelewa. Asilimia zikaanza kupanda, kwa mwendo wa konokono aliyekula akashiba, kwa sababu ili diski mpya ijazwe, zile tatu lazima zisomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile mgonjwa. Akapita meza hata meza akiwaomba watu wasifungue kitu chochote.

Mlango wa mbele ukafunguka, msanifu akaingia na mteja.

"Shemeji! Tufungulie zile ngazi za ukumbi."

"Shemeji, si sasa."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ukweli ulipopita karibu naye kabisa, angeweza kuushika. Lakini mteja alikuwa anatazama, na kibao cha Mkuu wa Mifumo kilikuwa kinang'aa mlangoni.

"Ni matengenezo ya kawaida tu," akasema.

"Kama ni ya kawaida, fungua."

Uongo wake mwenyewe ulimfunga mikono. Akabonyeza. Diski mgonjwa ikatoa mkwaruzo kama sufuria tupu inayokombwa, ikanyamaza. Programu ikaifukuza. Na kwa kuwa diski mpya ilikuwa bado haijajazwa hata nusu, nyumba nzima ikaanguka. Hapakuwa na ngazi, hapakuwa na ukumbi. Msanifu alimtolea mteja tabasamu, akamkaribisha kuona mwonekano wa barabara kupitia dirishani.

Tayari alijifungia chooni, akaketi juu ya kifuniko, akampigia mwalimu wake wa chuoni.

"Umegusa nini baada ya kuanguka?" mwalimu akauliza.

"Sijagusa."

"Hapo umefanya vizuri, huenda ni mara yako ya kwanza. Usiunde upya kitu chochote. Nakala mmeweka wapi?"

"Nakala si ndizo hizo diski nne, mwalimu?"

Mwalimu akamjibu kwa swali. "Mwanangu, mtu akijifunga kamba nne kwenye tawi moja, tawi likikatika kamba zinamsaidia nini?"

Akamwelekeza: anakili diski mgonjwa kwenye ile kubwa, kipande kwa kipande, akiruka palipooza, kisha aiunganishe hiyo kubwa na zile mbili nzima kwa lazima, azisome tu bila kuandika kitu, na atoe michoro kuipeleka mahali pengine. Tayari alifuata kila neno. Pale amri ilipokubali alilia machozi kidogo, akasingizia vumbi la stoo. Karibu michoro yote ikarudi. Iliyopotea ilikuwa sehemu ya juu ya hoteli, zile ngazi, na vingine vichache.

Akaenda kwa shemeji yake akamweleza yote, pamoja na mkasi. Alitegemea kufukuzwa. Msanifu alimsikiliza, akalegeza tai, macho yakaanza kumetameta.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mtu hawezi kujua kwa hakika ni michoro ipi iliyopotea?"

Tangu siku hiyo kila kazi iliyochelewa ililiwa na mashine. Ililiwa shule, ikaliwa zahanati, zikaliwa nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuzichorea hata mstari. Wateja waliokuja na hasira waliondoka wakitoa pole. Na msanifu hakuridhika kusema peke yake. Alimwita Tayari kama shahidi. "Shemeji, waeleze." Naye alieleza, kwa ufasaha kuliko alivyowahi kueleza jambo lolote.

Nyumbani mkewe alimuuliza, "Kaka yangu anadanganya kwa kosa lako, na wewe unaitikia?"

"Nifanyeje? Ni bosi."

"Mimi nimekua naye. Yai likivunjika jikoni, siku ileile hata kazi za shule alizokuwa hajaandika zilikuwa zimelowa yai."

Mchoraji mkuu alikaa akaichora upya hoteli kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu. Alijinunulia diski yake ndogo ya kunakilia michoro, akawa anaondoka nayo kila jioni mkobani, na hakumwonyesha mtu wa ukoo ule.