Nilivyoikana ripoti ya benki mbele ya mama yangu, kisa uthamini wa jengo letu la biashara Songea

Wakuu, habari za mchana.

Juzi nimesoma uzi humu watu wanalalamikia uthamini wa majengo ya biashara, kwamba wathamini wanakaa ofisini wanabuni thamani. Nilitaka kuchangia pale pale, maelezo yakawa marefu, nikaona bora nifungue wangu.

Haya yamenikuta mimi hapa Songea. Sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Niwaweke sawa kuhusu muda. Hii ni kabla kodi ya majengo haijahamia kwenye umeme. Siku hizi unanunua umeme, wanakata humo humo, umemaliza. Wakati ule jengo lililothaminiwa lilikuwa linalipiwa kwa asilimia ya thamani yake. Lisilothaminiwa linalipiwa kiwango kimoja, kidogo tu.

Sisi tulikuwa kundi la pili. Tukajisahau kabisa.

Jengo lenyewe lipo kata ya Majengo, hatua chache tu kutoka barabara ya lami. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, njia ya Songea kwenda Tunduru, enzi ambazo masika unaweza kulala njiani siku nne umekwama kwenye tope. Kila akirudi safari ananunua mifuko miwili mitatu ya saruji. Alijenga hivyo miaka na miaka. Fremu nne za maduka kwa mbele, godauni la mahindi kwa nyuma.

Alipofariki, mama akawa msimamizi wa mirathi. Mimi ndiye mtoto niliyebaki Songea, wengine wako Dar na Mbeya, kwa hiyo shughuli za jengo zikawa zangu. Fremu moja nauza pembejeo, mbegu na dawa za mazao. Tatu tunapangisha.

Mpangaji wa muda mrefu kuliko wote alikuwa fundi cherehani anaitwa Somoe, mtu wa Nakapanya huko Tunduru. Alikuja na cherehani moja. Hadi kipindi hiki ninachoeleza alikuwa nazo tatu na wasichana wawili wanaomsaidia, anashona sare za shule. Mwezi wa kwanza ukipita pale mbele ni foleni ya wazazi. Hajawahi kunisumbua hata mara moja.

Sasa siku wathamini wa serikali wamekuja, mimi nilikuwa Namtumbo kupeleka mbegu kwa wakulima. Waliongozana na mwenyekiti wa mtaa. Mama alikuwa ametoka misa akapita dukani, ndiye aliyewapokea.

Wakuu, mama yangu ni mtu mkarimu na anajivunia sana kazi ya mumewe. Akawaagizia chai. Akawaeleza historia yote, lori, saruji, matofali aliyochoma mwenyewe. Wakapima mbele kwa futi. Mvua ikaanza, na kule nyuma ni utelezi. Wakamuuliza, nyuma kuna nini?

"Kuna godauni kubwa, linaingia magunia mia tatu."

Wakaandika. Wakaaga wakaondoka.

Shida ni kwamba godauni lilikuwa limeanguka tangu masika ya mwaka uliotangulia. Bati ziling'oka na upepo, ukuta mmoja ukalala chini. Mama alikuwa anajua. Nilipomuuliza baadaye akasema, "Wao waliuliza baba yenu alijenga nini. Nikawaambia alichojenga."

Basi, miezi ikapita, notisi ikaja. Thamani iliyoandikwa ilinifanya nikae chini. Kodi ya mwaka ilikuwa imeruka mara nyingi zaidi ya ile tuliyozoea. Nilihesabu pango la fremu tatu, nikatoa matengenezo, nikatoa matumizi ya mama na dawa zake za presha. Kilichobaki hakikutosha.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea, na nilianza kwa haraka.

Siku hiyo hiyo nilipita kwa wapangaji nikawaambia kuanzia mwezi unaofuata pango linapanda karibu nusu. Sikusubiri kitu. Somoe aliacha kushona, akanitazama.

"Kaka, umesema nusu?"

Nikamwambia kodi ya jengo imepanda, si mimi, ni serikali.

"Na hakuna pa kwenda kuuliza?"

Nikamjibu nitafuatilia, lakini yeye ajiandae. Akasema sawa kaka, akarudi kwenye cherehani. Mimi nikachukulia ile sawa kama amekubali.

Baada ya wiki moja ndipo nikaisoma vizuri ile notisi. Kumbe chini kabisa kulikuwa na maelezo kwamba usiporidhika una siku kadhaa za kuweka pingamizi kwa maandishi. Somoe aliuliza swali ambalo majibu yake yalikuwa mfukoni mwangu, sikuwa nimeyasoma.

Nikaandika barua. Na wakuu, niliandika kweli kweli. Nikasema jengo ni la zamani, kuta zina nyufa kote, mzunguko wa biashara umekufa, eneo halina wateja, ni kama gofu. Godauni nililitaja katikati huko kwa mstari mmoja, wakati ndilo lilikuwa hoja yangu ya pekee ya kweli.

Sasa kuna kitu sikukiandika.

Miaka miwili nyuma nilichukua mkopo benki kuongeza mtaji wa pembejeo, dhamana ikawa hilo hilo jengo. Mama aliweka sahihi. Benki walituma mthamini binafsi, kijana mchangamfu sana. Ripoti yake ilikuwa nzuri mno: location ya kibiashara, wapangaji wa uhakika, jengo imara. Thamani aliyoweka ilikuwa juu kuliko hata hiyo ya serikali niliyokuwa naikataa. Nilipoisoma wakati ule nilifurahi, nikamnunulia kuku.

Jamaa yangu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinishauri, hiyo ripoti ya benki usiiguse, ukiulizwa hujui chochote. Nikaona ushauri wa maana.

Tukaitwa ofisini kwao kusikilizwa pingamizi. Ilibidi mama awepo maana mwenye jina ni yeye. Chumba kidogo, meza moja, watu watatu. Aliyekuwa anaongoza alikuwa mthamini mwanamke, wa makamo hivi, mtaratibu, anaongea polepole. Alimpa mama shikamoo, akamvutia kiti karibu na dirisha.

Akaisoma barua yangu yote, hakuonyesha kitu usoni. Kisha akauliza swali moja.

"Jengo hili limewahi kuthaminiwa na mtu mwingine kabla yetu?"

Nikajibu, "Hapana."

Nilijibu haraka, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Mama akanigeukia. Hakuwa na nia ya kuniumbua, nawaapia. Alidhani nimesahau. Akasema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha umeacha kofia, "Si yule kijana wa benki, baba? Yule uliyempa kuku?"

Mmoja wa wale wengine akainamisha kichwa kwenye makaratasi yake. Mthamini akafunga faili taratibu, akasema, "Ripoti hiyo mnayo nyumbani? Kailete. Tutawasubiri."

Tukatoka. Nilikuwa natembea mbele, masikio yamenipata moto. Tulipofika nje mama akaniita nisimame.

"Ile karatasi niliweka sahihi mimi. Wewe umesema mbele yangu kwamba haipo. Kwa hiyo mimi niliweka sahihi kwenye kitu gani?"

Nikamwambia mama, nilikuwa nataka kutuokoa. Akasema, "Umenifanya nionekane nimekuja kusaidiana na wewe kusema uongo." Akatangulia yeye, mimi nikamfuata nyuma hadi nyumbani.

Tukarudi na ripoti. Yule mthamini akaiweka pembeni ya barua yangu, akasoma moja, akasoma nyingine. Nilijua sasa ndiyo nakwisha. Akaniuliza, bila kejeli:

"Kwa benki jengo ni imara na lina wapangaji wa uhakika. Kwetu ni gofu. Mimi niandike lipi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Andika lililopo. Njoo ulione mwenyewe, mwanangu. Leo hakuna mvua."

Na alikuja, wakuu. Kesho yake asubuhi, na futi yake. Akaanza mbele, akaingia kila fremu. Kwa Somoe akasubiri mteja achukuliwe vipimo kwanza. Akapita nyuma akaona godauni, yaani alichoona ni kuta tatu na majani. Akapiga picha. Akaniambia, "Hili lilitakiwa liwe mstari wa kwanza wa barua yako."

Nikaanza kupumua. Nikafikiri tumemaliza.

Mama akamshika mkono. "Na huku pembeni hamjaandika. Hiki chumba alijenga huyu mwanangu, anaweka mbolea."

Ni kweli. Kilikuwa chumba cha tofali za saruji, nilikijenga baada ya mkopo, kimejificha upande wa jirani. Kwenye orodha yao hakikuwemo. Nilimtazama mama, hakunitazama. Mthamini akakipima.

Alipomaliza tulikaa kwenye benchi nje ya duka langu akanieleza kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike huu uzi. Akasema benki wanathamini kila kitu pamoja na kiwanja, na wanaangalia kama likiuzwa litaleta shilingi ngapi. Kodi ya majengo wao wanaangalia jengo lenyewe tu, kulijenga leo ni gharama gani, kisha wanatoa uchakavu. Kiwanja hakimo. Kwa hiyo zile thamani mbili hazikutakiwa kufanana hata kidogo.

"Ungeileta ile ripoti siku ya kwanza isingekudhuru," akasema. "Na wala tusingekufikiria vibaya."

Yaani nilidanganya kuficha kitu ambacho hakikuwa na madhara. Sijui nieleze vipi hisia ya hapo. Nilikuwa naangalia viatu vyangu tu.

Majibu yalikuja kwa barua. Godauni likaondolewa, chumba changu cha mbolea kikaongezwa, uchakavu wa fremu ukarekebishwa. Thamani ikashuka vizuri. Kodi haikurudi pale ilipokuwa zamani, lakini ilikuwa inalipika. Nilipiga hesabu nikaona pango lingepanda kidogo sana, pengine lisingepanda kabisa kwa mwaka ule.

Nikaenda kwa Somoe na habari njema.

Nikakuta anafunga vitambaa kwenye mifuko ya salfeti. Wasichana wake wawili wanabeba meza. Alikuwa ameshalipia chumba Nakapanya, barabarani, karibu na shule.

Nikamwambia dada Somoe, pango limerudi lile lile, kaa tu.

Akacheka kidogo. "Kaka, nilikuuliza kama kuna pa kwenda kuuliza. Ungeniambia ngoja kwanza, ningengoja. Sasa nimeshawaaga na wateja."

Alinikabidhi ufunguo, fremu imefagiliwa vizuri kabisa. Akapita kumuaga mama nyumbani, nasikia walikaa sana. Fremu yake ilikaa tupu miezi mitano. Aliyekuja baada yake alilipa miezi mitatu akahama usiku, hata taa akang'oa.

Mambo niliyojifunza, kwa mtu yeyote mwenye jengo la biashara au anayesimamia la familia:

Soma notisi hadi mwisho siku unayoipokea. Haki yako ya kupinga imeandikwa humo na ina muda wake.

Pingamizi liwe na kitu kinachoweza kupimwa. Ukuta umeanguka, vipimo vimekosewa, matumizi si hayo. Malalamiko ya biashara ngumu kila mtu anayo, hayapimwi kwa futi.

Wathamini wakija uwepo mwenyewe, au acha mtu anayejua jengo lilivyo leo.

Usiwapandishie wapangaji pango kabla hujajua mwisho wake. Mpangaji mzuri akiondoka humrudishi kwa simu.

Na usiongope ofisini ukiwa na mama yako. Hilo nalisema kwa uchungu, msilicheke sana.

Maana kuna lingine halikurekebishwa kwa barua. Baada ya lile tukio mama alinyanyua nyaraka zote za jengo kutoka dukani kwangu, akazihifadhi chumbani kwake. Hakunigombeza, alizichukua tu. Siku hizi ikitokea shughuli ya ofisi yoyote, ardhi au kodi, anavaa kitenge chake anakwenda mwenyewe, na goti lake hilo bovu. Mimi nampeleka kwa pikipiki, namsubiri nje. Akitoka namuuliza, wamesemaje mama? Ananijibu, "Wamesema vizuri, twende."

Hajawahi kunionyesha karatasi hata moja tangu hapo, na mimi sijawahi kumuomba.

Wenye majengo, nyie mlipambana vipi na uthamini wenu? Na kama yupo mthamini humu, anisahihishe nilipoeleza vibaya. Nipo, nasoma kila mtakachoandika.