Punje Ndogo za Ndera

Harufu ya mpunga uliokaa moshini bado hunikaba koo. Kijijini kwetu, kando ya mto, kusini kidogo ya Garsen, mbegu haikuwekwa ghalani. Masuke bora yalifungwa mafungu na kutundikwa juu ya meko, moshi uwafukuze fukusi, wadudu watoboao nafaka. Mwenye meko ndiye mwenye mbegu, na meko yalikuwa ya bibi, mama yake baba. Mama alipoolewa kutoka kwao Ndera alikuja na fungu alilopewa na mamake, mpunga wa punje ndogo, nyembamba. Bibi alilipokea kwa ncha za vidole. "Huu mpunga au mbegu ya nyasi?" akauliza mbele ya mawifi. Mimi, mtoto mwembamba wa mama mwembamba, aliniita Chenga, punje iliyovunjika. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema akiupima mkono wangu kwa vidole viwili, "na wa kijiti ni kijiti." Nilimchukia, na sioni kwa nini nilifiche hilo.

Mwaka mmoja mchuuzi alileta kutoka Hola mbegu chotara, punje nene za kujaza jicho. Bibi aliimwaga kwenye ungo akacheka kama mwari. Shamba ni moja, akasema, halina nafasi ya nyasi. Mama akapiga magoti, aachiwe kipande tu ukingoni, maana suke lake huzaa punje nyingi na jua halilitishi. Siku ya kupanda, majirani walipokuja kutusaidia na desturi ikataka walishwe, bibi alilishusha fungu la mama na kumkabidhi mchi. Mama akaitwanga mbegu ya mamake, akaipeta, akaipika kwa tui. Wageni waliusifu wali ule. Bibi aliongeza sahani ya pili.

Mavuno ya kwanza yalimpandisha bibi kichwa. Alichagua masuke manene kuliko yote, akayatundika juu ya meko kama ilivyofanywa tangu zamani, na hapo ndipo tulipoangamia. Msimu uliofuata mashina mengine yalinifika kidevuni, mengine magotini. Mengine yalipukutika huku mengine kando yake ndiyo kwanza yanachanua, na masuke mengi yalikuwa mapepe matupu. Tulikula mizizi ya mayungiyungi. "Mkono wako mchungu," bibi akamwambia mama. "Si wewe uliyepanda?" Baba alikuwapo, akaitazama sahani yake.

Leo kazi yangu ni kupima uzito wa punje, za ngano na za mpunga, katika kituo kilicho mbali na mto. Najua kwamba ukubwa wa punje huamuliwa na vinasaba vingi, kwamba vile vinavyoinenepesha mara nyingi hulipunguzia suke idadi ya punje, na kwamba watoto wa chotara, mbegu yake ikipandwa tena, hutawanyika, kila mmoja akimfuata babu yake. Usiache mbachao kwa msala upitao; waliosema hivyo hawakuhitaji mizani. Bibi alikufa akiamini kwamba mama ndiye aliyeliharibu shamba. Likizo iliyopita nilimweleza mama yote haya, nikidhani atafurahi kusikia kwamba mbegu yake ndiyo iliyokuwa bora. Alisikiliza huku akichambua mchele wa dukani.

"Kumbe," akasema. "Basi niletee fungu moja nipande."

Nilikuwa nimeshauliza Ndera nzima, hadi kwa wajomba zangu. Hakuna aliyebaki na mbegu ile. Wote wanapanda ya duka. Nikamwambia.

Mama aliuweka ungo chini. "Basi, mwanangu," akasema, "ungeniacha niamini maneno ya bibi yako."