Chumba cha Kufumulia Masweta

Chumba chenyewe kilikuwa kati ya stoo ya mipira na choo cha walimu, na tangu Bi Pole akabidhiwe ufunguo wake, vibofu vya walimu wa shule ile viliingiwa na udhaifu wa ajabu. Mtu anatoka ofisini kwenda kujisaidia, akifika usawa wa mlango ule hatua zinafupika, shingo inarefuka. Mlango umefungwa. Ndani kuna mtoto. Sauti hakuna. Sasa wanafanya nini humo?

Bi Pole alikuwa mwalimu wa ushonaji na ufumaji mpaka somo lenyewe lilipofutwa. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi, hutafutiwa cheo. Mwalimu mkuu akamfanya mshauri wa wanafunzi: kila mtoto mwenye machozi ya karibu, au ngumi za karibu, apelekwe kwake. Akaenda semina, akarudi na swali moja alilofundishwa huko: "Unajisikiaje?" Wa kwanza kuulizwa alikuwa mvulana wa darasa la nne ambaye shule nzima ilimwita Ngumi. Akasimama wima, akajibu, "Najisikia vizuri, mwalimu, shikamoo," kisha akatoka nje akamng'oa mwenzake jino.

Hapo Bi Pole akaelewa kwamba mtoto akiulizwa na mwalimu hutafuta jibu la kupata vema. Akaacha kuuliza. Akaleta gunia la masweta makuukuu. Mtoto akiingia anapewa sweta, anaonyeshwa pa kuanzia, anavuta uzi. Bi Pole anakaa ubavuni pake, hamtazami, naye anafumua lake. Mikono ikishughulika, mdomo hujisahau. Wengine walisema siku hiyo hiyo. Ngumi alimaliza masweta mawili na mkono mmoja wa la tatu ndipo akatamka kwamba kwao kaka yake mkubwa humfungia kabatini. Tangu hapo hakumpiga mtu.

Na hilo ndilo lililowatia walimu wasiwasi.

"Mtoto anaingia analia, anatoka kanyamaza," alisema mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi walimwita Kamera kwa sababu hata akipiga chafya jicho moja hubaki wazi. "Kampa nini?"

"Nyuzi zile si bure," alisema mwalimu wa hesabu, mtu aliyesomea namba mpaka chuo kikuu. "Jana mwanafunzi wangu kanitazama kama anayajua mambo yangu."

"Mambo gani, bwana?"

"Nimesema kama."

Mwalimu wa hesabu alikuwa akisinzia kipindi cha mwisho, mdomo wazi, darasa likimhesabia mikoromo. Mwingine aliwaita watoto mbuzi. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja aliamini kwamba lake ndilo linalosimuliwa humo. Lisemwalo lipo, lakini lisilosikika linatisha zaidi.

Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kikao cha Ijumaa kitaamua. Ofisini kwake kulikuwa na mashine ya fotokopi iliyonguruma kutwa, naye alikuwa akiitafutia chumba. Kama chumba cha Bi Pole hakina faida inayoelezeka, mashine itahamia humo. Na Ngumi alishaambiwa: ngumi moja zaidi, shule basi. Kamera akapewa kazi ya uchunguzi.

Kamera alikuwa na binti darasa la sita, shuleni hapo hapo, wa kwanza kila mtihani. Tangu mama yake afariki, nyumbani walikuwa wawili tu. Akamketisha sebuleni.

"Kesho nenda kwa Bi Pole. Jifanye una huzuni. Usikilize anavyouliza habari za walimu, kisha uniletee."

"Huzuni gani, baba?"

"Yoyote. Kwani huzuni zina saizi? Hebu legeza mabega. Hapana, hiyo homa. Inamisha kichwa. Sasa unaonekana umeiba. Tena, tena."

Kesho yake binti aliingia, mlango ukafungwa, na Kamera akatia sikio kwenye tundu la ufunguo.

"Mwalimu, nina huzuni," alimsikia bintiye akisema, kwa sauti ya shairi la paredi.

"Haya. Shika mkono huu. Vuta taratibu usikate uzi."

Kisha kimya. Kamera alibadilisha sikio. Kimya. Binti alikuwa amekariri majibu ya maswali yote, na swali lenyewe haliji. Mwalimu mkuu akapita akielekea chooni. Kamera akachutama haraka na kufunga kamba za viatu, ingawa siku hiyo alivaa makubazi. Aliporudi tunduni, ndani palikuwa na kilio, tena si cha mazoezi.

"Nimetumwa, mwalimu," binti alikuwa akisema. "Nimetumwa nije nijifanye."

"Na unaweza?"

"Nimeshindwa kujifanya." Akavuta kamasi. "Nyumbani nikimlilia mama, baba ananiuliza nani kakutuma. Kila kitu nani kakutuma. Sasa nalilia bafuni, nafungulia bomba."

Bi Pole hakusema "usilie." Alisema, "Pole, mwanangu. Uzi umekwama hapo, ulegeze kidogo."

Kamera alikumbuka lile bomba. Alikuwa akigonga mlango wa bafu kila jioni, akilalamika kwamba mtoto anamaliza maji.

Jioni ile bomba lilipofunguliwa, hakugonga.

"Umeniletea nini?" aliuliza wakati wa chakula.

"Tulifumua sweta."

"Alikuuliza nini?"

"Hakuuliza kitu, baba."

Ni kweli, naye alijua ni kweli, na kwa mtu aliyeishi kwa kukamata waongo hilo lilikuwa jambo la kukosesha hamu ya kula.

Ijumaa walimu wakajaa ofisini. Bi Pole alikaa pembeni, donge la uzi mapajani, anaviringa kama vile si yeye anayejadiliwa.

"Haya, mchunguzi," alisema mwalimu mkuu. "Chumbani kuna nini?"

Kamera alisimama. "Hakuna kitu. Masweta tu."

"Basi kama hakuna kitu, mashine iingie."

Kamera alijiona kaingia mwenyewe kwenye mtego alioutega. Akawatazama wenzake mmoja mmoja kwa jicho lile lisilofumba, akaona walivyokaa: kila mtu na kijasho chake.

"Ngoja, mkuu, sijamaliza. Watoto wanasema mengi humo. Yanaingia, hayatoki, nimesikiliza mwenyewe, huyu mama hachokonoi wala hapeleki popote. Lakini tukikifunga, hayo mengi yatasemewa wapi? Paredi? Getini kwa wazazi?"

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyewahi kuinua mkono.

"Mkuu, mimi naona mashine imekaa vizuri sana pale ilipo."

"Tena inapendezesha ofisi," alidakia yule wa mbuzi.

Mwalimu mkuu akakohoa. Naye alikuwa na lake. Chumba kikapona bila mtu hata mmoja kuwataja watoto kwa wema.

Jumatatu, kabla ya kengele, Kamera alibisha hodi. Mkononi alishika sweta la kike la rangi ya zambarau.

"Nimeliokota," alisema.

Bi Pole alilipapasa. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. "Bahati yako. Keti."

"Linaanziwa wapi?"

"Shingoni, pale mfumaji alipomalizia."

"Mlango ubaki wazi."

"Ukibaki wazi hutafumua, utaangalia nani anapita."

Kamera alifikiri, akaangalia huku na huku ukumbini, akaufunga mwenyewe.

Muda si mrefu mwalimu wa hesabu alipita akienda kujisaidia. Akasimama. Akayatambua makubazi ya Kamera pale mlangoni. Akaweka sikio kwenye tundu, na moyo ukamwenda mbio: mle ndani mwalimu wa nidhamu alikuwa kimya kabisa.