Neno la Ubaoni

Kila asubuhi mwalimu wa hesabu wa darasa la tano hufuta kompyuta kwa pembe ya kitenge chake, herufi moja moja, mpaka vumbi jeusi la volkano litoke. Katika mchezo wa hesabu ambao watoto huucheza kwenye kompyuta hiyo, lori la maharagwe linavuka daraja. Ukikosea kugawanya, daraja linavunjika na maharagwe yanamwagika mtoni. Watoto hupiga mayowe. Yeye husema tu, kwa sauti yake nzito, "Imeanguka? Jenga tena."

Leo direkta wa shule alisimama mlangoni, akalitazama neno MUCHEZO ambalo mwalimu aliliandika ubaoni kama jina la kipindi. "Mama mwalimu, bazazi ba batoto banalalamika, banasema huku ni kucheza tu. Andika 'mazoezi', ni kitu moja tu." Mazoezi! Neno hilo ndilo lililokuwa likiwatia watoto hofu kila kipindi cha hesabu, kabla mchezo haujaja. Mwalimu akachukua kitambaa, akafuta ubao polepole, hata direkta akaanza kutabasamu. Kisha akashika chaki mpya, akaandika kutoka ukingo hadi ukingo: MUCHEZO. "Batoto, musome." Wakasoma kwa nguvu, na darasa la pili, ng'ambo ya ukuta wa mbao, likaitikia.

"Papa direkta," akasema, akimsogezea benchi mbele ya kompyuta, "kuya uikale. Daraja imevunjika, na sasa ni zamu yako."