Siku Niliyozungusha Ndoo ya Maziwa Ukweni

Wacha niseme aibu yangu mapema ndio tusisumbuane: kuna boma moja nje ya Kitale ambako watu wazima, wenye akili zao timamu, wameniona nikioga maziwa mchana peupe nikiwa na suti na tai, na mpaka leo nikipita ile barabara jirani mmoja akiniona huinua mkono na kuuzungusha mara moja hivi, polepole, halafu anaendelea kupalilia mahindi yake. Hata hanisalimii. Anazungusha tu. Na siwezi kukasirika, kwa sababu hakuna mtu alinisukuma.

Mnaonijua mnajua mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha shule moja ya kutwa upande wa Misikhu (ukisikia nikitaja maabara usidanganyike, yetu ni darasa lenye sinki) na mada ninayoipenda kuliko zote ni ile ya vitu vinavyozunguka, jiwe kwenye kamba, mwezi, setilaiti, mambo hayo. Wambui tulijuana tukiwa wanafunzi Kibabii, tukapendana, na ikafika mahali nikatakiwa niende kwao kujitambulisha kwa wazazi. Kwao ni Wakikuyu waliokuja Trans-Nzoia tangu wakati wa babu yake, watu wa mahindi, ng'ombe wa maziwa na kanisa. Na Wambui alikuwa ameniambia waziwazi, bila kuzunguka mbuyu, kwamba ananipenda sana lakini hataolewa kama mmoja kati ya baba na mama yake atakataa. Wote wawili lazima wakubali. Kwa hivyo elewa nilienda pale kuwaridhisha watu wawili, si mmoja.

Sasa mimi kwetu ni Matulo, ni Mbukusu, na kwetu mwanaume na mama mkwe hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, ukimwona anakuja njiani unaingia kwa mahindi mpaka apite, na yeye pia akikuona anakata kona. Si chuki, ni heshima, tena ile kubwa kabisa. Nimekua nikimwona baba yangu, mtu mzito na mwenye kitambi, akiruka ua kwa sababu nyanya yetu, mama yake mama, alikuwa anakuja kututembelea. Wambui alinieleza kwamba kwao mambo hayo hayako, kwamba mama yake humsalimia kila mtu kwa kumkumbatia, na mimi nikajibu kwa kiburi kwamba hakuna shida, mimi ni msomi. Lakini asubuhi ya safari khocha Barasa (khocha ni kaka ya mama, ndiye alikuwa msemaji wangu siku hiyo) aliniambia ndani ya gari, hata kabla hatujafika Kamukuywa, kwamba nikimshika yule mama hata kidole, yeye atarudi nyumbani kwa miguu.

Tukafika. Mama Wambui akatoka jikoni mikono imefunguka, uso wote ni furaha, anakuja moja kwa moja kwangu. Miguu yangu ikaenda yenyewe, walahi, sikuituma. Nikazunguka gari ati naangalia gurudumu la nyuma. Akaja upande wa nyuma, nikaenda upande wa mbele. Akacheka kidogo akarudi na njia ile nyingine, na mimi nikamalizia mzunguko nikatokea mbele ya Mzee Njoroge, babake Wambui, nikamsalimia kwa mikono miwili kama mtu ambaye hakuna kitu kimetokea. Baadaye kidogo mama akanifuata kwenye tangi la maji, na tangi nalo nikalizunguka. Baada ya hapo hakujaribu tena. Alinisalimu kwa mbali, kwa sauti ile ya mtu anayepokea simu ya nambari asiyoijua, akarudi jikoni, na Wambui akanitupia jicho ambalo nililielewa vizuri sana, lakini ningefanya nini na khocha alikuwa amesimama pale pale akinichunga?

Tukaketi uani, sisi na Mzee Njoroge na wazee wawili wa jirani, tukala, khocha akaongea vizuri, maombi yakafanywa. Ilionekana kama mambo yataenda sawa. Halafu Mzee Njoroge akaniuliza nafundisha nini, nikamwambia, akaguna. Akanyoosha kidole kwenye dishi la televisheni lililokuwa juu ya mabati, alikuwa ameliweka juzijuzi ili aone mpira na mahubiri, akasema fundi alimweleza kwamba dishi hilo linaongea na kitu kiko juu huko, hakijafungwa kamba, hakina mtu wa kukishikilia.

"Sasa wewe mwalimu niambie mimi mkulima," akasema. "Kwa nini hiyo kitu haianguki?"

Wazee wakasogeza viti. Nikajua huu ndio mtihani, kwa sababu Wambui alikuwa ameniambia baba yake haulizi mtu ana nini, humuuliza swali moja halafu anaangalia vile atalijibu. Nikamwambia inaanguka, mzee, inaanguka kila saa, tena dunia ndiyo inaivuta, ila wakati huohuo inakimbia kwenda kando kwa kasi kubwa mno, kwa hivyo kila ikianguka kidogo inakuta ardhi nayo imejipinda chini yake, na hivyo inaendelea kuzunguka bila kufika chini. Ule mvuto wa dunia ndio kamba yake. Ilikuwa jibu zuri, bana, hata sasa nalipenda. Lakini mzee akatikisa kichwa, akasema kitu kinaanguka kila saa na hakifiki, hiyo si ni maneno ya mtu anayetaka kutoroka deni, na wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Wambui, aliyekuwa anakusanya sahani, akainama akaninong'oneza.

"Eleza tu kwa mdomo, tafadhali."

Yeye ananijua. Lakini mwalimu akichekewa mbele ya watu hasikii, mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta ndoo. Lile jaribio la kuzungusha ndoo ya maji wima juu ya kichwa yasimwagike, kila mwaka kidato cha nne wanalipigia makofi. Ningeomba maji tu kungekuwa na amani, lakini mfereji wa lile tangi ulikuwa upande wa mlango wa jikoni, na jikoni kulikuwa na nani? Umeona shida yangu. Na hapo kwenye benchi, chini ya upenu, kulikuwa na ndoo ndogo ya kukamulia yenye maziwa ya mchana yakingojea kuwa chai ya wageni. Nikajiambia maji na maziwa si vyote vinamwagika sawa? (Huo ndio uamuzi wenyewe. Kila kitu kibaya kilitoka hapo.) Nikamwomba mzee ruhusa, akatikisa mkono kwamba endelea, alikuwa ameanza kufurahi.

Nikaibembeza mbele na nyuma, nikaipa nguvu, ikapanda, ikapita juu ya kichwa, ikashuka. Hakuna tone. Ikazunguka tena. Na mimi naeleza kwa sauti ya darasani: ikifika juu maziwa yanataka kuanguka, ndio, lakini mkono wangu unaivuta ndoo kuja chini haraka kuliko maziwa yangeanguka yenyewe, kwa hivyo yanabaki ndani. Mzee Njoroge akasimama. Wazee wakasimama. Khocha alikuwa na mfupa wa kuku mdomoni, akausahau. Ningesimamisha hapo ningekuwa shujaa, lakini nilitaka waone mara moja ya mwisho, ili wasije wakasema hawakuona vizuri.

Hapo ndipo Mama Wambui akatokea kwenye kona ya nyumba, anatembea haraka, anafuta mikono kwa aproni, anakuja kwetu. Na mwili wangu, huu huu uliosomeshwa mpaka chuo kikuu, ukafanya kile ulicholelewa kufanya. Bega likageuka kuficha uso, mguu ukarudi nyuma, na mkono, ukiwa juu kabisa, ukapunguza mwendo.

Maziwa hayana wakwe. Kasi ikipungua yanaanguka, na yalianguka yote, kwa kichwa, kwa macho, kwa tai, mengine yakashuka ndani ya shati mpaka kwa soksi. Mkono nao haukuwa umesikia habari, ukaendelea kuzunguka, na mpini sasa unateleza, na ndoo ilipokuwa inapanda tena upande wa mbele ikaniponyoka. Wanafunzi wangu huniambia ukiachilia kitu kinachozunguka kitaendelea kuzunguka hewani, na mimi hukataa, huwaambia kitaenda moja kwa moja kufuata njia kiliyokuwa nayo pale pale ulipokiachilia. Sikuona kwa sababu nilikuwa kipofu, lakini wote wanasema ndoo ilienda moja kwa moja, vizuri kabisa, ikapanda juu ya mabati na kugonga dishi. Setilaiti ilibaki juu. Dishi ndilo lilikuja chini, katikati ya kuku.

Nimesimama pale natiririka, macho yanawasha, sijui nielekee wapi, nikijiambia basi imeisha, nimempoteza Wambui kwa ndoo ya maziwa. Kisha nikahisi mkono umenishika shingo nyuma, na kitambaa kinanipangusa uso taratibu, na kwa vile nilikuwa karibu kulia nikasema, "Asante, mpenzi."

"Mimi ni mama yake," sauti ikajibu.

Nikasikia khocha Barasa akiguna kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nikataka kukimbia, lakini unakimbiaje huoni, na ule mkono haukuniachilia.

"Simama," Mama Wambui akasema. "Leo umenikimbia ya kutosha. Sasa niambie mbele ya hawa wazee, mimi nimekukosea nini?"

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lilinimaliza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia tangu asubuhi, aliyeamka mapema kupikia mgeni, na mgeni akaja akamhepa mara mbili uani kwake. Sikuwa nimewaza hata kidogo vile ilionekana upande wake.

"Mama, kwetu mtu humkimbia mama mkwe kwa sababu anamheshimu," nikasema, maziwa yakiniingia mdomoni. "Nimekukimbia kwa sababu nataka uwe mama mkwe wangu."

Kisha akamgeukia khocha, akamuuliza kama ni kweli au ni maneno ya kijana, na khocha (Mungu ambariki, alikuwa anaongea akiangalia ukuta, kwa sababu yeye pia hakutaka kumtazama) akasema ni kweli kabisa, tena kijana amelelewa vizuri. Hapo ndipo nikasikia kicheko. Kilianza kidogo, kikakua, mpaka ikabidi aketi kwenye lile benchi, aproni usoni, anacheka na kujifuta machozi.

Alipopata pumzi akamwambia mumewe kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka napata baridi. Hakuwa anakuja kuulizia maziwa. Alikuwa anakuja kusema hapana. Alikuwa amemaliza kuwaza huko jikoni, akaona mwanaume asiyeweza kumtazama mama wa msichana machoni ana jambo anaficha, pengine ana bibi na watoto huko Bungoma, na akaamua afunge hiyo habari kabla chai haijaletwa.

Wambui akanishika mkono, na maziwa yote yale, akanishika tu.

Mzee Njoroge naye alikuwa ameenda kuliangalia dishi, akarudi nalo mkononi, limepinda upande mmoja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo kasi ikipungua, inaanguka."

Nikamwambia ndio, mzee, na hii ya juu haipungui kwa sababu huko hewa karibu haiko ya kuizuia. Akasema basi ameelewa, na mkewe akikubali yeye hana neno. Mama Wambui akasema amekubali, ila chai itakuwa ya rangi na kila mtu anajua wa kulaumiwa. Khocha naye akatangaza kwamba kwa desturi yetu mama mkwe akimgusa mkwewe hivyo lazima aletewe blanketi, na mama akajibu liletwe, nyumba ya Kitale ina baridi, nzito ndio nzuri.

Jioni ilinikuta juu ya paa nikiwa na ovaroli na gambuti za mzee, naligongagonga dishi lirudi umbo lake na kulielekeza upya, na chini aliyeshikilia ngazi, kwa mikono yake miwili, ni Mama Wambui, ananiuliza kama naona vizuri au nataka maziwa zaidi. Khocha Barasa alikuwa amegeuza kiti chake akitazama shamba la mahindi ili asishuhudie. Picha ilipotokea kwa televisheni, mzee akapiga kelele ndani ya nyumba, na nilicheka huko juu mpaka nikashika bomba la moshi nisianguke, kwa furaha tu, kwa ule wepesi wa mtu ambaye alikuwa amekwisha na hakuisha.

Tumeoana sasa. Blanketi lilipelekwa. Nimeapa kwamba swali lolote la ukweni, hata wakiniuliza radi inatoka wapi, nitalijibu kwa mdomo nikiwa nimekaa, mikono imeshika magoti. Na nikimwona Mama Wambui anakuja na mikono imefunguka, siwadanganyi, miguu bado inataka kwenda, lakini naisimamisha hapo hapo nilipo. Nilibakisha hatua chache za yule mama nimkose Wambui maisha yangu yote, na si kwa sababu ya ndoo wala maziwa, ni kwa sababu nilimheshimu mtu asubuhi nzima na sikumwambia.